Nilifuata utulivu kwa Bibi, nikakabidhiwa sululu

Viganja vyangu bado vina malengelenge na ukurasa huu nimeuandika kwa vidole viwili tu. Wiki mbili safu hii haikuonekana. Wapo waliodhani nimefulia, wapo waliovumisha kwamba nimeoa kimya kimya. Hakuna hata kimoja. Nilikuwa likizo.

Naam, likizo! Hata sisi waandishi wa kujitegemea tunapumzika, ingawa likizo yetu haina malipo.

Mnajua ninapokaa. Chumba kimoja Temeke, ukuta wa kushoto baa, ukuta wa kulia fundi wa kuchomelea mageti. Usiku kucha spika, asubuhi mashine, na katikati yake bodaboda wanaopiga honi kama wamelipwa kwa kazi hiyo. Ilipofika Juni nikajikuta naongea peke yangu. Washikaji wakasema twende Zanzibar tukajirushe. Nikapiga hesabu ya mfukoni, hesabu ikagoma.

Ndipo nikamkumbuka Bibi, mzaa baba. Bibi anaishi mlimani kule Rungwe, mkoani Mbeya. Mara ya mwisho nilikwenda nilipomaliza tu kidato cha nne, na sasa ni miaka minane. Kule hakuna baa, hakuna fundi mageti. Malazi bure, chakula bure, hewa bure. Nikajiambia, kijana hapo ndipo mahali pako!

Basi nikadamkia stendi ya Mbezi na begi moja. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800, na makalio yangu si ya chuma, kwa hiyo nilipanga kulala Iringa kwa jamaa niliyesoma naye. Tukapita Mikumi, twiga wakatutazama kwa dharau. Tukapita mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Halafu tukaanza kupanda Kitonga, nyuma ya malori yaliyokuwa yakitambaa kama konokono, upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde ambalo ni afadhali usilitazame. Ukifika Ilula tu, akina mama wa vitunguu na nyanya wanakimbilia dirishani, na ubaridi nao unaingia pamoja nao. Saa tisa alasiri nikashuka Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, meno yanagongana.

Kesho yake jamaa akanipeleka Tosamaganga. Kama hujafika, fika. Ni kilimani, kilometa kama 15 kutoka mjini. Mapadri wa Consolata kutoka Italia waliingia Iringa mwaka 1919, wakapokea misheni walizoziacha Wabenediktini wa Kijerumani baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wakajenga kama walivyozoea kwao. Kuna kanisa kubwa, mapaa ya vigae vyekundu, kuta nene na njia zenye miti. Upande wa chini, karibu na Ruaha Mdogo, ndiko iliko Kalenga, ngome ya Mtwa Mkwawa iliyoangushwa na Wajerumani Oktoba 1894. Ukisimama pale juu jioni, jua linashuka na kengele inalia, unaweza kuapa kwamba uko ndani ya picha ya kalenda.

“Vijiji vya Italia ndivyo vilivyo hivi,” jamaa akaniambia. “Vyote vimepanda mlimani, kimya, mapaa mekundu. Lakini unajua kwamba vingine sasa wanavigawa?”

Nikamwambia asinitanie. Akachomoa simu akanionyesha. Kuna mji mdogo wa kilimani kule Sicilia unaitwa Sambuca. Mwaka 2019 halmashauri yake ilitangaza kuuza nyumba kuukuu kwa bei ya kuanzia euro 1. Euro moja, msomaji wangu! Hiyo ni bei ya sahani ya chipsi mayai. Sharti mojawapo lilikuwa hili: mnunuzi aikarabati nyumba ndani ya miaka mitatu. Na Sambuca haikuwa peke yake, vijiji kadhaa vya Italia vimefanya hivyo hivyo. Sababu ni kwamba vijana waliondoka. Wengine walikwenda miji mikubwa ya kaskazini, wengine Ujerumani, wengine Marekani tangu enzi za mababu. Wazee wakabaki, wazee wakafa, milango ikafungwa.

Nilicheka sana siku ile. “Wazungu bwana!” nikasema. “Sisi huku hatujafikia hapo.” Kumbukeni kicheko hicho, tutakirudia.

Kesho yake nikapanda basi jingine. Mafinga na misonobari ya Sao Hill, Makambako na upepo wake, Igawa, Chimala, mpaka Uyole. Pale Uyole gari za Tukuyu zinakata kushoto na kupanda. Tulipofika Isongole mvua ikaanza, viazi vimepangwa barabarani ndani ya ndoo, na Mlima Rungwe wenyewe, mita zipatazo 2,960, umejifunika wingu mpaka kiunoni. Huku mvua si habari. Kuna sehemu za Rungwe zinapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo maana kila kitu ni kijani mpaka macho yanauma. Nikashuka, nikapanda bodaboda, tukapanda kilima nusu saa nzima, na dereva akaniuliza mara mbili, “Bro, una uhakika unakwenda kule juu?”

Bibi alikuwa amesimama mlangoni na khanga mbili mabegani.

“Ugonile!” akanisalimia. Kisha akanitazama juu mpaka chini. “Mume wangu, umekonda. Huko Dar es Salaam wake zako wanakupa nini?”

Utani wa bibi na mjukuu, mnaujua wenyewe. Jioni ile kuku mmoja akaaga dunia kwa heshima yangu.

Siku tatu za kwanza, msomaji wangu, nilikuwa peponi. Naamka saa tatu. Nafungua dirisha, ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na juu yake yanachungulia mashamba ya chai. Maziwa yenyewe nakuta yamechemshwa. Ndizi zimepikwa kwa maharage. Maparachichi yanaanguka yenyewe mtini, puu! Nakaa kwenye kigoda nimejifunika blanketi, napiga picha, nawatumia washikaji walioko Zanzibar. Usiku giza ni giza kweli, nyota zimejaa, na hakuna sauti isipokuwa ng'ombe anacheua. Nililala kama mtoto aliyepewa dawa ya kikohozi.

Siku ya pili kuku wa pili akatangulia. Siku ya tatu Bibi akamkimbiza wa tatu, nikamwona anahema ameshika kiuno, nami niko kwenye kigoda natafuta mtandao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilikuwa naliona, limeegemea ukuta. Nikajifanya silioni. Mimi niko likizo bwana!

“Bibi,” nikamwambia jioni ile, “wewe una bahati. Hapa pana utulivu wa ajabu.”

Akachochea moto. “Ninyi mnauita utulivu,” akasema. “Mimi nauita kukosa watu.”

Nikadhani ni maneno ya uzee tu. Nikaenda kulala.

Usiku wa kuamkia siku ya tano jirani akafariki. Mzee mmoja mjane, nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi. Nilikuwa nimemwona juzi yake anapanda njia, ng'ombe wake mmoja anamvuta kamba badala ya yeye kumvuta ng'ombe. Alinisalimia, nikampungia mkono, nikaendelea na simu yangu. Hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Kwa Wanyakyusa msiba si jambo dogo. Kulipokucha akina mama walikuwa wameshafika na mikungu ya ndizi, kuni na masufuria. Wanakwaya wa Moravian wakaanza kuimba, na Wamoravian wana mizizi mirefu huku, misheni yao ya Rungwe ni ya tangu mwaka 1891. Simu zikaanza kupigwa Mbeya, Tunduma, Dar. Halafu ikaja hoja ya kaburi.

Mzee mmoja akahesabu kwa kidole wanaume wenye nguvu waliokuwepo. Akahesabu wawili waliokuwa bado wanavaa kaptura za shule. Akahesabu baba mmoja mwenye mguu mbovu. Akahesabu wazee wenzake watatu. Kisha kidole kikasimama kwangu.

“Na huyu mjukuu wa bibi,” akasema, “aliyekuja kupumzika.”

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo maana ikaniuma zaidi. Nikakabidhiwa sululu.

Udongo wa Rungwe ukiutazama unaona mlaini, mweusi, mzuri. Ni udongo wa volkano, mlima wenyewe ni volkano iliyolala. Futi mbili za kwanza nilikuwa hodari, nikawaonyesha Wanyakyusa kwamba Temeke kuna wanaume. Futi ya tatu mikono ikaanza kuwaka. Mvua ikaanza. Shimo likaingia maji, tukawa tunachota tope kwa ndoo. Wale wazee walikuwa wakiingia shimoni kwa zamu, mwenye miaka sabini na zaidi anachimba, mimi mwenye ishirini na sita nimekaa pembeni napuliza viganja. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ndiyo kwanza nilikuwa naichimba.

Tukiwa tumepumzika chini ya mgomba nikauliza, vijana wako wapi? Isije ikawa unadhani Rungwe ni pori. Huko chini, barabarani, Kiwira na Tukuyu, watu wamejaa mpaka hakuna pa kukanyaga. Ila kitongoji cha Bibi kiko juu kabisa, na vijana wake wameteremka mmoja mmoja kama maji. Wengine bodaboda mjini Mbeya, wengine mpakani Tunduma, wengine Kariakoo. Nikatazama kuzunguka kilima. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nikahesabu milango. Nyumba tisa zilikuwa zinaonekana pale tulipokaa. Nne zilikuwa na kufuli.

Kumbe ile Sambuca niliyoicheka Iringa nilikuwa nimekuja kulala ndani yake.

Alikuwepo pale mwalimu mmoja mstaafu, tulikuwa tunapokezana chepe. Akaniambia jambo ambalo sikufundishwa shuleni. Zamani, akasema, vijana wa Kinyakyusa kuhama kwao ilikuwa ndiyo desturi. Mtoto wa kiume akifika miaka kumi hivi, yeye na marika wenzake walitoka majumbani kwa baba zao wakaenda kuanzisha kijiji chao wenyewe. Walijenga vibanda, wakalala huko, na walipokua wakaoa huko huko. Watafiti Godfrey na Monica Wilson walikaa huku miaka ya 1934 hadi 1938 wakayachunguza haya, na Monica akaandika kitabu kizima mwaka 1951, Good Company. Jina hilo alilitoa katika neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao. Ndiyo iliyokuwa sifa ya mtu muungwana.

“Kwa hiyo kuondoka si kosa lenu,” mwalimu akasema. “Hata babu zenu waliondoka. Lakini walikuwa wanarudi kula kwa mama zao, na mchana wanalima shamba la baba. Walihama, ila ukiwaita walikuwa wanasikia.”

Akashuka shimoni, ikawa zamu yake.

Siku ya maziko, wasomaji wangu, ndipo nilipobaki mdomo wazi. Kijiji kilifurika! Coaster mbili kutoka Mbeya, gari ndogo zenye namba za kila aina, nyingine zimekwama kwenye tope zinasukumwa na vijana waliovaa suti. Zile kufuli nne zikafunguliwa zote. Watoto wa mjini wakawa wanakimbizana migombani na kuokota maparachichi. Moshi ukatoka kila jiko. Usiku vijana walikesha wakiota moto, vicheko vinasikika mpaka kwa Bibi, kelele kama za baa yangu ya Temeke.

Na Bibi? Bibi alikuwa amechangamka. Ni msiba, alilia kama wengine, lakini nilimwona anatembea upesi, anaita watu majina, anamkemea huyu, anambeba mtoto wa yule. Miaka kumi ilikuwa imemtoka mwilini.

Kesho yake baada ya chakula cha mchana wakaanza kuaga. Huyu ana kazi kesho, yule ana mzigo mpakani. Saa kumi na moja jioni gari la mwisho likateremka. Kufuli zikarudi milangoni. Nikakaa kwenye kile kigoda changu na blanketi langu. Ukungu ule ule, chai ile ile, ukimya ule ule niliousafiria kilometa zaidi ya 800. Nikashindwa kuufurahia. Safari hii nilikuwa najua umetoka wapi.

Bibi akaja akakaa. “Umeona?” akasema. “Msibani hawakukosa hata mmoja. Alipokuwa hai alikuwa anatafuta mtu wa kumshikia kamba ya ng'ombe.”

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilimpungia mkono yule mzee nikaendelea na simu.

Siku nne zilizobaki nililichukua lile jembe. Nikapalilia viazi. Nikapigilia mabati mawili ya banda yaliyokuwa yanapigwa na upepo tangu mwaka jana. Nikakata majani ya ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe akaniteka kamba mara mbili, Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Kuku wa nne akapona, kwa sababu nilikataa kula nyama na nikaomba maharage. Usiku sikuhitaji ukimya ili nilale. Nililala kwa uchovu, usingizi ambao Temeke siupati.

Sasa msinielewe vibaya. Sitawadanganya kwamba nimehamia Rungwe. Nimeandika haya nikiwa Temeke, fundi mageti anachomelea na baa imeshafungua. Riziki yangu iko hapa, na kijana aliyekwenda kutafuta maisha Mbeya au Tunduma simlaumu. Nilimshauri Bibi aje Dar. Akaniuliza huko kwenu nitapanda wapi hata mgomba mmoja? Nikatazama chumba changu kwa macho ya moyo, nikanyamaza.

Ila binamu zangu watano tumeshapigiana simu. Tumekubaliana kila likizo mmoja wetu aende, kwa zamu, akae angalau wiki, na aende akiwa mzima, si nyuma ya jeneza. Mmoja tayari anaulizia habari za kupanda maparachichi, maana siku hizi tunda hilo linasafirishwa mpaka Ulaya. Kama atakwenda kweli au ni maneno ya kwenye simu tu, nitawaambia.

Na wewe unayetaka kupumzika mlimani, nenda. Hutajuta. Beba sweta, hata kama ni la kukopa. Ogopa Machi na Aprili, mvua yake si ya mchezo. Kaone Ziwa Ngozi lililotulia ndani ya kasoko, kaone Daraja la Mungu ambalo ni mwamba mtupu uliovuka Mto Kiwira bila fundi. Ukiwa na nauli teremka mpaka Matema ukaoge Ziwa Nyasa. Mkutie bibi yako sukari, sabuni na betri za redio. Lakini siku ya tatu, tafadhali, usijifanye hulioni jembe.

Juzi Jumapili nilimpigia Bibi. Kulikuwa na kelele upande wake, nikauliza kuna nini. Akasema mwalimu mstaafu amekuja na wajukuu zake wawili kula ndizi.

“Kelele tupu hapa, mume wangu,” akasema, “hata sikusikii vizuri. Nipigie kesho.”

Akakata simu. Sijawahi kukatiwa simu nikafurahi namna ile.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, malengelenge yakiwa yamepona.